Picha Pana: Nani Anabaki Nje?



Wiki iliyopita tulirekodi video ya foleni ya maji, simu tukiwa tumeishika wima. Walionekana kina mama wawili na bomba, basi. Mfanyakazi mmoja wa shirika akatuuliza, "Sasa foleni yenyewe iko wapi?" Tukarudi, tukalaza simu, madumu yote yakaingia. Hapo tukataka kujua: hii picha pana ilitoka wapi?

Zamani picha ya sinema ilikaribia mraba. Mkanda ulikuwa wa milimita 35, na upana wa picha ulizidi kimo chake kwa theluthi moja hivi. Mwaka 1927 Mfaransa Abel Gance alipanga skrini tatu ubavu kwa ubavu kwa sehemu ya mwisho ya filamu yake Napoléon. Miaka hiyohiyo Mfaransa mwenzake, profesa Henri Chrétien, alitengeneza lenzi ya kubana picha pana iingie kwenye mkanda wa kawaida. Ukiutazama mkanda huo, watu ni wembamba kama fimbo. Lenzi nyingine kwenye projekta inawarudishia unene wao. Lakini wenye biashara hawakumjali sana.

Kilichowaamsha ni televisheni. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wamarekani walianza kubaki nyumbani, kumbi zikapoteza wateja. Mwaka 1952 ikaja Cinerama huko New York, projekta tatu na skrini kubwa iliyopinda. Watu walishangaa, ila gharama ilikuwa nzito. Kampuni ya 20th Century Fox ikaifuata lenzi ya Chrétien, ikaiita CinemaScope, na mwaka 1953 ikatoa The Robe. Sasa upana ulizidi mara mbili na nusu ya kimo.

Kumbe safari haikuishia hapo. Baadaye filamu hizo zilioneshwa kwenye televisheni ileile. Kioo kilikuwa chembamba, kwa hiyo pande zikakatwa, mara nyingine karibu nusu ya picha. Watu wawili wakiongea, mmoja huku na mwingine kule, fundi ndiye aliamua nani aonekane. Mwingine akabaki sauti tu.

Hilo sisi tunalijua vizuri. Basi tukirekodi maisha yetu hapa kambini, kabla ya kubonyeza tuangalie pembeni: nani tumemkata? Maana aliyekatwa bado yuko kwenye foleni, na dumu lake halijajaa.