Kufifia

Taa iliyokatiwa umeme huzimika. Khanga iliyofuliwa sana hufifia. Kitenzi hiki cha pili kina muda ndani yake, na fizikia inakihitaji sana.

Mwaka 1988, Anthony O'Keefe na David Deacon wa Marekani walichapisha njia ya kupima gesi kwa leza ambayo msingi wake wote ni kufifia. Mwanga huingizwa kati ya vioo vinavyoakisi asilimia 99.99 yake au zaidi, kisha leza hukatwa. Mwanga uliobaki ndani hudunda huku na huko maelfu ya mara, ukisafiri kilomita kadhaa katika chombo ambacho mara nyingi hakifiki mita moja, huku ukipungua kidogo kidogo. Hewa ikiwa na methani, na leza ikiwa ya mawimbi ambayo methani huyafyonza, mwanga hufifia upesi zaidi. Kinachopimwa ni muda, si ukali. Hivyo ukali wa leza ukiyumba, kipimo hakiharibiki. Hata molekuli chache za gesi katika bilioni za hewa hugundulika.

Waandishi wa vitabu vya sayansi, tafadhali andikeni "muda wa kufifia", si "muda wa kuoza". Mwanga hauozi.