Hamsa Ishirini Mahali pa Kazi

Wazee wetu waliziita hamsa ishirini, yaani fimbo 25, kikomo cha kuchapwa kwa mkupuo mmoja kilichowekwa na amri ya Kansela wa Ujerumani ya mwaka 1896. Wengi hudhani ilikuwa adhabu ya wahalifu. La hasha! Amri hiyohiyo ilimruhusu mwajiri kuiomba serikali imchape mtumishi au kibarua aliyedaiwa kuwa mvivu au mkaidi. Daftari liliandikwa, kazi ikaendelea. Kibarua angeshtaki wapi, ilhali mwamuzi na mwenye kiboko walikuwa ofisi moja? Ndiyo maana katika Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, mimi huanza kusoma kifungu kinachodai njia za kulalamika hata nje ya mahali pa kazi.