Matrikulasheni: Kuandikwa Uanachuo

Jina likionekana kwenye orodha ya waliochaguliwa, nyumbani kuku huchinjwa na majirani huambiwa, "Mtoto wetu yupo chuo." Bado hayupo. Alichopata ni udahili: chuo kimemkubali, basi. Na kama amechaguliwa vyuo viwili vitatu, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania humtaka athibitishe kimoja kabla hata hajafunga begi.

Hatua inayofuata ndiyo Waingereza huiita matrikulasheni, na ndiyo inayowasumbua wafasiri. Wengi huandika "usajili" wakapita. Si kosa, ila neno hilo limechoka: tunasajili laini za simu, pikipiki, vizazi na vifo. Wengine huandika "udahili", na hapo wamekosea kabisa. Mtu anaweza kudahiliwa akabaki kwao Tandahimba akiokota korosho, na chuo kisimwone kamwe.

Asili ya neno ni Kilatini, matricula, yaani daftari la majina, nalo lina ukoo na neno la "mama". Kifaransa kimewaachia Wakongomani namba ya matrikule. India na Afrika Kusini limehamia kwenye mtihani wa sekondari, kwa hiyo ukikutana na "matriki" ya Johannesburg usikimbilie chuo. Oxford ndiko lilikobaki na uzito wa kale: ni hafla ya majoho, na kwa hafla hiyo mwanafunzi huwa mwanachama wa chuo kikuu.

Kwetu majoho husubiri mahafali. Mwanzoni kuna foleni, vyeti halisi na vivuli vyake, fomu ya daktari, risiti ya ada, kisha namba na kitambulisho. Kuanzia hapo mwanafunzi ana haki ya kuazima vitabu maktaba, kukaa kwenye chumba cha mtihani na, kwa wenye mkopo, kusaini bumu, yaani fedha za kujikimu. (Hili la mwisho ndilo huulizwa kwanza.)

Ajabu ni kwamba picha ya daftari tulikuwa nayo siku zote. Chuo, kabla hakijawa majengo, kilikuwa kitabu. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, hujulikana pia kama Chuo cha Herekali. Mwanazuoni ni mtu wa vitabu. Kwa hiyo kuingia chuoni ni kuingia kitabuni, na mwanachuo ni mwana wa kitabu. Yule mama wa Kilatini na daftari lake, sisi tumewaweka ndani ya neno moja bila kuwaomba ruhusa.

Ndiyo maana "usajili" ningemwachia karani na foleni yake, na matrikulasheni nikaiita "kuandikwa uanachuo". Ni refu kidogo, nakubali. Mwenye fupi zaidi alilete, ila lisiwe lile la laini za simu.