Baraza Limerudi Ngomeni

Jua halijapanda juu ya paa za Mwembe Tayari, na tayari mikokoteni inagombania njia na matatu. Hamali wanasukuma magunia, wapiga debe wa mabasi ya bara wanaita abiria, na mama wa mahamri na mbaazi ameshamaliza sufuria ya kwanza. Muulize mzee yeyote wa hapa jina la mtaa limetoka wapi. Atakwambia palikuwa na mwembe, na chini yake palikuwa na watu walio tayari. Misafara ya kwenda bara, hata Uganda, ilikusanyika kwenye kivuli hicho. Wapagazi walifungiwa mizigo, wakahesabiwa, na neno la mwisho kabla ya kung'oa nanga ya nchi kavu lilikuwa moja tu: tayari.

Nimeanzia hapa makusudi, ingawa makala hii ni ya ngome ya Fort Jesus na makumbusho yake, mwendo usiofika nusu saa kwa miguu. Historia ya makumbusho yetu huandikwa kama historia ya mawe: nani alijenga, nani alibomoa, nani aliteka. Mimi nataka kuandika historia ya watu kukusanyika. Mombasa ilijua kukusanyika kabla haijawa na makumbusho, na ni kwa sababu hiyo tu kwamba makumbusho yake yanaweza kuitisha watu wakaja.

Mwembe ulipoteza kazi yake haraka. Reli ya Uganda ilianza kutandikwa Mombasa mwaka 1896, na kufikia Desemba 1901 ilikuwa imegusa maji ya Ziwa Viktoria. Safari iliyokuwa ya miezi ikawa ya siku. Lakini mpagazi hakupumzika. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipofika Afrika Mashariki mwaka 1914, serikali ya kikoloni ilirudi kutafuta mabega yale yale, safari hii kubeba risasi na unga kuwafuata wanajeshi. Kikosi cha wapagazi hao ndicho kilichoacha jina la Kariokor Nairobi na Kariakoo Dar es Salaam. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Mombasa hatukubaki na Kariakoo, tulibaki na sanamu za askari za shaba, kwenye barabara ambayo leo ni Jomo Kenyatta Avenue, karibu na Mwembe Tayari. Zinafanana na zile za Nairobi na Dar es Salaam, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, nazo ziliwekwa katika miaka ya 1920. Maandishi yapo kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Majina ya waliokufa hayapo. Kila nikipita hapo natamani siku moja ngome iwakusanye wajukuu wa wapagazi hao, wataje majina kwa sauti, kwa sababu shaba haikuyataja.

Ukiteremka kuelekea Mji wa Kale utaiacha nyuma mikokoteni na kufika Makadara. Hapa ndipo mji unaposwali Idi na ndipo zefe la Maulidi linapomiminika, kofia nyeupe kwa nyeupe, dafu zikilia, watoto mabegani mwa baba zao. Hakuna anayetuma kadi za mwaliko. Watu wanajua siku, wanajua njia, wanajua mahali pa kusimama.

Wanawake nao walikuwa na mikusanyiko yao, na hii ndiyo sehemu ya historia yetu inayonifurahisha kuliko zote. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mitaa ya Mombasa iligawanyika kwa vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake. Ibinaal Watan na Banu Saada ndivyo vilivyovuma zaidi. Vilikuwa na viongozi wenye vyeo, sare, michango, na ushindani mkali usiosamehe. Chama kimoja kikitoka na maandamano ya fahari, kingine hakilali mpaka kimepanga ya kukishinda. Zumari likilia, watu walitoka madirishani. Mwanamke aliyeishi nyuma ya pazia siku nyingine zote alikuwa na siku yake ya kuonekana, kusikika, na hata kumrushia mpinzani wake maneno ya mafumbo mbele ya mji mzima. Ushindani ulipopungua, nguvu ile haikupotea: mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Kiislamu wa Mombasa waliunda vyama vya maendeleo vilivyoshughulikia elimu na ustawi wao. Waliokuwa wamezoea kupanga lelemama walikuwa wameshajua kupanga kila kitu kingine.

Sasa ngome yenyewe. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milan, wakaipa jina la Yesu. Habari za vita vyake zinajulikana na sitazirefusha: Sultani Yusuf bin Hasan wa Mombasa aliyewaasi Wareno mwaka 1631, kisha kuzingirwa na Waomani kulikoanza Machi 1696 na kumalizika Desemba 1698. Jambo moja tu katika hayo husahaulika. Wareno walipokwisha kwa maradhi ndani ya kuta, kwa muda ngome ililindwa na Bwana Daud wa Faza pamoja na Waswahili wachache, wanaume kwa wanawake. Kwa hiyo hata katika vita inayosimuliwa kama ya Wareno na Waarabu, waliosimama juu ya ukuta walikuwa watu wa pwani hii.

Kwa mada yangu, kilichokuja baadaye ndicho kikubwa. Wamazrui, ukoo wenye asili ya Omani, walipoitawala Mombasa, tangu miaka ya 1740 mpaka Sultani Seyyid Said alipowashinda mwaka 1837, ngome haikuwa kambi tu. Ndani yake kipo hadi leo chumba cha baraza, chenye viti vya mawe vilivyojengwa kando ya ukuta. Hapo liwali alikaa na wakubwa wa mji, wazee wa Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, wakasikilizana na wakati mwingine wasisikilizane. Nje, mshairi Muyaka bin Haji alikuwa akiyafanya mambo hayo hayo kuwa mashairi, akiwachokoza wa Lamu, akiwatia moyo watu wake, na mji ukiyakariri. Ukitaka kujua mkusanyiko wa kwanza wa ngome ambao ulihusu fikra na si mizinga, utafute hapo: viti vya mawe ndani, mashairi nje.

Kisha mlango ukafungwa. Mwaka 1895 Waingereza waliifanya ngome jela, na jela ikabaki mpaka 1958. Miaka 63. Neno letu gereza, wanavyosema wengi wa wanaisimu, limetokana na neno la Kireno la kanisa. Ndani ya ngome hii kanisa lilikuwepo kweli, na wafungwa pia, kwa hiyo neno hilo moja limetembea njia yote ya historia yetu bila kuhama nyumba. Vizazi viwili au vitatu vya Mombasa vilikua vikijua kwamba pale haendi mtu kwa hiari yake. Na juu ya jela hiyo ilipepea bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar, kwa kuwa mwambao wa maili 10 ulihesabiwa kuwa mali yake iliyo chini ya usimamizi wa Waingereza. Ilishuka na uhuru wa Kenya, Desemba 1963, baada ya makubaliano ya Oktoba mwaka huo. Kwa wengine wa Mji wa Kale ilikuwa furaha, kwa wengine huzuni, na wote waliangalia juu ya ukuta ule ule.

Wakati huo makumbusho yalikuwa yameshaanza. Mwaka 1958 ngome ilitangazwa kuwa urithi wa taifa unaolindwa, na fedha za ukarabati zikatoka kwa Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyekuwa amechimba magofu ya Gede kwa miaka kumi, aliletwa kuondoa majengo ya jela na kufukua ya chini yake. Makumbusho yalifunguliwa mwaka 1960. Kuanzia 1977 wapiga mbizi walishuka chini ya ngome, kwenye mabaki ya Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa. Vilivyotoka baharini vikaingia katika makabati, na wavuvi wakagundua kwamba makumbusho yalikuwa yakisimulia bahari waliyoivua kila siku.

Mimi niliingia mara ya kwanza nikiwa na kaptula ya shule. Tulitembea wawili wawili kutoka Mwembe Tayari, mwalimu mbele, fimbo nyuma. Nakumbuka mifupa ya nyangumi uani kuliko ninavyokumbuka mwaka wowote. Mwalimu alisoma vibao kwa Kiingereza, sisi tukaitikia, tukatoka. Huo ulikuwa mtindo wa siku nyingi: makumbusho ya kutazamwa, mgeni akija na kamera na mtoto akija na daftari. Hata maonyesho ya usiku ya sauti na mwanga, yenye mienge na walinzi waliovalishwa kama Wareno, yalipangwa zaidi kwa watalii waliotoka hotelini. Yalikuwa mazuri. Lakini mji ulilala wakati yakiendelea.

Mabadiliko yalikuja polepole, kwa mlango wa pembeni. Mji wa Kale ulipoanza kulindwa kisheria kuanzia 1990, watu wa makumbusho walilazimika kukaa na wenye nyumba, kuzungumza kuhusu chokaa, boriti na milango ya nakshi. Huwezi kumwambia mtu asibomoe baraza ya nyumba yake bila kuketi naye juu ya baraza hiyo. Kituo cha Utamaduni wa Waswahili kilichoanzishwa miaka ya 1990 kiliwafundisha vijana useremala wa nakshi na ushonaji. Jengo la mahakama ya zamani la mwaka 1902, hatua chache kutoka langoni, likawa pahali pa maonyesho ya picha, mihadhara na mazungumzo. UNESCO ilipoiandika ngome katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, tayari palikuwa na watu wa mtaani wa kuipokea habari hiyo kama yao.

Siku za tamaduni na Siku ya Makumbusho Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 18 Mei tangu 1977, zinafanikiwa Mombasa pale zinapofuata desturi ya mji. Likitolewa tangazo la karatasi peke yake, watakuja wanafunzi walioletwa kwa basi. Likipita zumari barabara ya Ndia Kuu, Mji wa Kale, watakuja wenyeji, na wapishi wa viazi karai watafika kabla yao. Naamini kwa dhati kwamba hesabu ya tiketi haitoshi kupima siku kama hiyo. Ipimwe kwa wazee waliozungumza, na kwa muda waliopewa kuzungumza.

Nilikuwa pale siku moja ya namna hiyo, nyuma ya kundi la watoto wa msingi mbele ya kabati la vyombo vya nyumbani. Kijana mwongozaji alikuwa akieleza vizuri. Nyuma yangu alisimama bibi mmoja wa makamo ya juu, buibui lake limemkaa sawasawa, akisikiliza. Mtoto mmoja akaonyesha kidole: "Kile kiti mbona kina jino?"

"Si kiti, mjukuu wangu," bibi akasema. "Hiyo ni mbuzi."

Watoto wakacheka, mbuzi gani asiye na miguu minne. Kijana akanyamaza, akampisha. Bibi akasogea, akavua ndara, akakaa chini sakafuni, miguu akaikunja upande mmoja kama anayekalia ubao usioonekana. Kioo kilikuwa kati yake na chombo. Akainua mikono mitupu, akashika nusu ya nazi isiyokuwepo, akaanza kukuna, taratibu, akigeuza kifuu kwa kiganja. "Usikune mpaka kwenye ganda," akawaambia, "tui litakuwa jeusi." Kisha akaeleza kifumbu, namna ya kukamua, tui la kwanza na tui la pili, na lipi latiwa mwanzo katika chungu. Mwalimu wao alikuwa ameshaangalia saa mara mbili. Watoto wakakaa chini wote, kwa mduara, na hakuna aliyewaamuru.