Nyumba Zilizovuta Joto: Historia ya Kupima Mabomba ya Hewa

Mchana wa Julai, joto la ndani ya dari ya nyumba ya kawaida katika jimbo la Florida, Marekani, huweza kupita nyuzi 50. Humo ndimo mafundi walimopitisha mabomba ya hewa baridi kwa miaka mingi.

Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam amezoea kiyoyozi kilichofungwa ukutani, kinachopuliza moja kwa moja chumbani. Nyumba nyingi za Marekani zina mtambo mmoja tu. Unavuta hewa kutoka ukumbini au koridoni, unaipoza au kuipasha moto, kisha unaisukuma vyumbani kupitia mabomba marefu. Kiungo kimoja kikiachia, hewa iliyokwisha kugharimiwa umeme inamwagika darini. Haina rangi wala harufu, na mwenye nyumba huona bili tu.

Kwa miongo kadhaa suala hilo halikumsumbua mtu, kwa kuwa nishati ilikuwa rahisi. Mambo yalibadilika Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta na bei ikapaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton walikuwa wakichunguza nyumba za mtaa wa Twin Rivers, New Jersey, wakakuta hesabu zinagoma: joto lililopotelea darini lilikuwa mara kadhaa ya lile lililotabiriwa. Kumbe hewa yenye joto ilikuwa ikipanda kwenye nafasi zilizojificha ndani ya kuta na kuvipita pembeni vizuia joto vyote vilivyotandazwa juu.

Chombo cha kuipima hewa hiyo kilitoka Sweden. Mnamo 1977 watafiti wa huko walikuwa wakifunga feni dirishani, wanabadili presha ya hewa ndani ya nyumba, kisha wanapima ni hewa kiasi gani inayopita. Åke Blomsterberg alifika Princeton mwaka 1979 na ujuzi huo, na feni ikahamia mlangoni. Kanuni yake ni nyepesi: kadiri nyumba inavyovuja, ndivyo feni inavyolazimika kusukuma hewa nyingi zaidi ili presha isishuke.

Lakini feni ya mlangoni hupima nyumba nzima. Mabomba yalibaki fumbo, na waliolifumbua kwa kina walikuwa watu wa Florida. Mwishoni mwa miaka ya 1980, James Cummings wa Kituo cha Nishati ya Jua cha Florida, pamoja na mafundi John Tooley na Neil Moyer, walipima kasi ya hewa ya nje kuingia ndani mtambo ukiwa umezimwa, kisha ukiwa umewashwa. Mtambo ulipowashwa, kasi hiyo iliongezeka takriban mara tatu.

Ugunduzi huo unastahili kutafakariwa. Chombo kilichonunuliwa ili kuleta ubaridi ndicho kilichokuwa kikiingiza joto. Upande wa mabomba unaovuta hewa mara nyingi haukuwa bomba kamili, bali uwazi tu ndani ya ukuta, na ukuta huo ulikuwa wazi kwa juu. Mtambo ukawa unafyonza hewa ya darini pamoja na unyevu na vumbi lake. Hata kufunga mlango wa chumba cha kulala kulileta athari: hewa ilisukumwa ndani ya chumba ikakosa njia ya kurudi, na sehemu nyingine za nyumba zikabaki na upungufu wa presha. Hapo suala liliacha kuwa la bili peke yake. Nyumba yenye upungufu wa presha inaweza kuvuta ndani moshi wa hita ya gesi, na moshi huo hubeba kaboni monoksidi, gesi inayoua.

Mapema miaka ya 1990, kampuni ya The Energy Conservatory ya Minneapolis ikaleta sokoni feni ndogo ya kupimia mabomba, Duct Blaster. Fundi huziba matundu yote ya vyumbani, huunganisha feni kwenye mabomba, na kuongeza presha hadi paskali 25. Ni presha ndogo mno, sawa na uzito wa maji yenye kina cha milimita 2.5. Hewa ambayo feni inahitaji ili kuishikilia hapo ndiyo kiasi kinachovuja. Shirika la mazingira la Marekani linakadiria kwamba nyumba ya kawaida hupoteza asilimia 20 hadi 30 ya hewa ya mabomba yake.

Kuziba nako kulikuwa na mshangao wake. Utepe wa kitambaa wenye gundi, ambao Wamarekani wameuita kwa jina la mabomba hayo, ulianzia vitani. Mwaka 1943 Vesta Stoudt, mfanyakazi wa kiwanda cha silaha huko Illinois na mama wa wanamaji wawili, alimwandikia Rais Roosevelt kupendekeza utepe imara wa kufungia masanduku ya risasi. Baada ya vita ukapakwa rangi ya fedha na kuuziwa mafundi wa mabomba. Ndipo mwaka 1998 Max Sherman na Iain Walker wa maabara ya Berkeley walipoujaribu kwa kubadilisha joto na baridi mfululizo, pamoja na vizibio vingine. Ulioshindwa kazi vibaya ulikuwa ule utepe wenyewe. Katika maabara hiyohiyo, Mark Modera na wenzake walikuwa tayari wamebuni njia ya kupuliza chembe za gundi ndani ya mabomba, zikaganda kwenye kingo za matundu hadi yakazibika.

Sheria zilikuja polepole. Mwaka 2009 kanuni ya ujenzi inayoigwa na majimbo mengi ilianza kudai kipimo kwa nyumba mpya, isipokuwa mabomba yawe yote ndani ya eneo linalopozwa. California ilikwisha kugusa nyumba za zamani tangu Oktoba 2005: katika maeneo mengi ya jimbo hilo, aliyebadilisha mtambo alilazimika kupima mabomba yaliyopo. Chini ya kanuni hizo za 2005, yalipovuja zaidi ya asilimia 15 ya hewa ya mtambo, fundi alitakiwa kurudi kuziba hadi afikie kiwango hicho, au athibitishe kwamba ameziba kila tundu analoweza kulifikia.