René Goscinny na Haki ya Mtungaji wa Hadithi za Picha

Msomaji afunguapo kitabu cha hadithi za picha, jicho lake hutangulia kwenye mchoro. Aliyeyatunga maneno mara nyingi hamkumbuki. Hata katikati ya karne ya ishirini wachapaji wa Ufaransa na Ubelgiji nao hawakumjali sana: mchoraji ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye kazi, na mtungaji alikuwa kama kibarua asiye na jina. René Goscinny aliishi kwa kalamu yake chini ya desturi hiyo, na hapana budi kulikumbuka jambo hili kila tuyatazamapo maisha yake.

Alizaliwa mjini Paris tarehe 14 Agosti 1926, mwana wa Wayahudi waliotoka Poland na Ukraine. Alipokuwa na umri wa miaka miwili wazazi wake walihamia Buenos Aires, na umbali huo ndio uliowaokoa. Maana wajomba zake waliobaki Ufaransa walikamatwa wakati wa vita, wakafia katika makambi. Baba yake alifariki mwaka 1943. Mwaka 1945 kijana huyu na mama yake walikwenda New York, naye akitamani kuwa mchoraji. Huko alifahamiana na Morris, Mbelgiji aliyekuwa amekwisha kumbuni Lucky Luke, na tangu 1955 akawa mtungaji wa visa vya mpanda farasi huyo. Hata hivyo, kwa miaka kadhaa vitabu hivyo viliuzwa kwa jina la Morris peke yake.

Mwaka 1956 Goscinny, pamoja na Albert Uderzo na Jean-Michel Charlier, walishiriki katika kuandika tamko la kudai haki za watungaji na wachorani. Mwajiri wao alimfukuza Goscinny. Wenzake wawili wakaondoka pamoja naye. Katika kufukuzwa huko ndimo lilimoota gazeti la Pilote, lililotoka mara ya kwanza tarehe 29 Oktoba 1959, na ndani yake Astérix, aliyebuniwa nyumbani kwa Uderzo huko Bobigny. Kitabu cha kwanza cha mwaka 1961 kilichapishwa nakala 6,000 tu. Cha tisa, mwaka 1966, zilipita milioni moja.

Kila mtoto wa shule ya Kifaransa alifundishwa kuwa Wagauli ndio mababu zake. Waliolifanyia mzaha somo hilo ni mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi na mwana wa wahamiaji wa Kiitalia, nao Wafaransa wakajiona humo na kucheka. Nadhani mgeni pekee ndiye awezaye kuisikia methali ya wenyeji kwa sikio la namna hiyo. Kalamu yake haikupumzika: alitunga visa vya mtoto Nicolas, vilivyochorwa na Sempé, na vya Iznogoud, waziri mwenye uchu wa kukalia kiti cha khalifa, vilivyochorwa na Tabary tangu 1962.

Kuanzia 1963 yeye na Charlier waliliongoza Pilote, wakawafungulia mlango vijana kama Gotlib, Cabu na Claire Bretécher. Lakini katika ghasia za Mei 1968 baadhi ya wachoraji walimwita mkutanoni wakamshtaki kana kwamba yeye ndiye bwana mnyonyaji. Aliyefukuzwa kazi kwa kuwatetea wenye fani yake akaketi kitini pa mshtakiwa! Jeraha hilo halikupona. Mwaka 1974 aliuacha uhariri.

Alifariki tarehe 5 Novemba 1977, mwenye umri wa miaka 51, akipimwa moyo kwa daktari. Maneno ya Astérix chez les Belges alikuwa amekwisha kuyaandika yote, naye Uderzo alikuwa bado anachora. Kitabu kilipotoka mwaka 1979, wasomaji waliona kwamba tangu ukurasa ule aliokuwa akiuchora habari ilipomfikia, mbingu ya hadithi ilikuwa na mawingu, na mvua inanyesha.