Matembezi ya Binti na Habari za Ukoo katika Ufipa na Mpaka wa Kasesya

Kasesya ni kijiji cha mpakani katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, ambako barabara inayotoka Sumbawanga kupitia Matai huvuka na kuingia Zambia kuelekea Zombe na Mbala. Kwenye ramani huonekana kama kituo cha forodha tu, lakini panafaa kuchunguziwa jambo ambalo maandishi ya historia ya Ufipa yameligusa kwa mbali, nalo ni matembezi ya kawaida ya msichana na namna habari za ukoo zilivyotembea pamoja naye. Matembezi yanayokusudiwa hapa ni safari fupi za kila wiki: kwenda mtoni, kumjulia hali shangazi aliyejifungua, kushinda msibani, kwenda ibadani au gulioni. Kwa muda mrefu habari ya familia katika uwanda huu haikuwa na chombo isipokuwa mtu mwenye miguu, na mtu huyo mara nyingi alikuwa binti au mke kijana. Kwa hiyo aliyekuwa na mamlaka ya kumruhusu binti kutoka alikuwa pia na mamlaka juu ya nani ajue nini, na lini.

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na wenyeji wake wakubwa ni Wafipa, ambao kabla ya ukoloni waligawanyika katika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile, huku upande wa kusini, kuelekea mto Kalambo, wakiishi Wamambwe na Walungu. Mapokeo yaliyokusanywa na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kikuu kuhusu dola ya Wafipa mwaka 1981, yanasimulia kwamba utawala wa kale wa Milansi ulipokonywa na wanawake watatu wageni waliofika mtemi akiwa mawindoni, wakakaribishwa na mkewe na kuketi kwenye kiti ambacho hawakustahili kukikalia. Wanahistoria wameijadili sana hadithi hiyo kama kielelezo cha kubadilika kwa nasaba, na hilo ni haki yao; hata hivyo si jambo dogo kwamba nchi nzima inaeleza chanzo cha watawala wake kwa habari ya wanawake waliokuwa safarini na mwanamke aliyewapokea vibaya au vizuri mno.

Maisha ya kijiji cha Kifipa yalihimiza watu kukaa karibu. Vijiji vilikuwa vya nyumba zilizosongamana, tofauti na makazi ya kutawanyika yanayoonekana katika sehemu nyingine za Tanzania, na Willis alieleza kwamba uchangamfu wa kukaa na wenzako, kuzungumza na kunywa nao ulihesabiwa kuwa alama ya utu, ilhali mtu wa kujitenga alitiliwa shaka. Mashamba yalilimwa kwa intumba, yaani matuta ya mviringo yanayofunika majani ili yaoze na kurutubisha udongo, na kutokana na ulezi uliovunwa ilipatikana pombe ambayo ilikuwa kiungo cha kila kazi ya ushirika. Binti aliyetumwa kupeleka unga au kuomba chachu nyumba ya pili alikuwa tayari ameingia katika mzunguko wa habari, kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa na adabu kufika, kutaja haja yake na kuondoka; salamu zilitangulia, zikafuata habari za watoto, wagonjwa na mashamba, na aliporudi nyumbani aliulizwa amesikia nini kabla ya kuulizwa amepata nini.

Shule ya kwanza ya mambo hayo ilikuwa nyumba ya bibi. Mwanahistoria Kathleen Smythe, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu familia za Nkansi kati ya 1880 na 1960, ameonyesha kwamba watoto wa Kifipa baada ya kuachishwa ziwa waliishi kwa babu na bibi zao, na kwamba walipokua walihamia intuli, yaani nyumba za kulala vijana, wavulana mbali na wasichana mbali, ambako walikaa mpaka ndoa ilipokaribia. Ndani ya intuli ndimo zilimosimuliwa ngano na kutegwa vitendawili, na humo pia, jambo ambalo halihitaji shahidi mkubwa kwa anayejua wasichana walalao chumba kimoja, ndimo habari za mchana zilimopangwa upya: nani ameonekana na nani njiani, mshenga wa nani amepita, kaka wa nani anarudi. Mshenga, mtu anayetumwa na upande wa mwanamume kufungua mazungumzo ya posa, alizungumza na wazee. Lakini kabla hajafika, intuli ilikwisha kumchambua mwoaji. Ni vigumu kukubali picha inayotolewa mara nyingine ya msichana wa zamani aliyeozwa bila kujua lolote, kwani mfumo mzima wa malezi ulimweka mahali pa kusikia, hata kama haukumpa kauli ya mwisho.

Kutembea huko kulikuwa na mipaka ambayo haikuwekwa na wazazi peke yao. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya biashara ya pembe na watumwa ilipita ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na Wamambwe na Walungu walivamiwa mara kwa mara na Wabemba kutoka kusini, kiasi kwamba binti aliyetoka peke yake alikuwa katika hatari ya kutorudi. Marcia Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1993, amezichambua simulizi za wanawake waliopita katika misukosuko hiyo, na mmoja wao, Meli, alitekwa akiwa mtoto, akapita katika mikono ya watu kadhaa, kisha akalelewa katika misheni ya Kawimbe ya London Missionary Society, karibu na Mbala, mwendo usio mrefu kutoka Kasesya ya leo. Simulizi ya namna hiyo inaonyesha upande wa pili wa jambo linalojadiliwa hapa: mwanamke aliyekatiwa njia zake alikatiwa pia ukoo wake, maana aliyekuwa hana wa kumletea habari za nyumbani hakuwa na wa kudai mahari yake wala wa kumlilia.

Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana zaidi kwa jina la Mapadri Weupe, walishika kituo cha Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1885, na kutoka huko walipanda hatua kwa hatua hadi uwandani. Walileta sababu mpya ya kutoka nyumbani. Mafundisho ya ukatekumeni, yaani muda wa maandalizi kabla ya ubatizo, ibada ya Jumapili na sikukuu kama Krismasi na Pasaka viliwakusanya wasichana wa vijiji vilivyokuwa mbalimbali mahali pamoja, kwa ruhusa ambayo baba hakuweza kuikataa kwa urahisi. Mapadri waliitazama intuli kwa wasiwasi, wakiona ndani yake mlango wa dhambi, lakini mabweni na masomo yao wenyewe yaliwalaza na kuwakutanisha wasichana kwa wingi kuliko intuli yoyote. Kwa wachache, njia hiyo ilikwenda mbali zaidi, kwa kuwa utawa uliwapa mabinti wa Kifipa uwezekano wa kuondoka nyumbani bila kuolewa, jambo ambalo wazazi wengi waliona ni kupoteza mahari na wajukuu kwa pamoja.

Lililobadilisha mambo kwa kina kuliko misheni ni kuondoka kwa wanaume. Kuanzia miaka ya 1920 na 1930 wanaume wa Ufipa na Umambwe walikwenda kwa wingi kutafuta fedha ya kodi na ya mahari: wengine kwenye dhahabu ya Lupa katika Chunya, wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga wakiwa manamba, yaani vibarua wa mkataba waliotambuliwa kwa namba, na wengine kwenye migodi ya shaba ya Luanshya, Mufulira na Kitwe. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walianzisha shirika lao la kuajiri, SILABU, na safari ya Tanga ikawa jambo lililopangwa ofisini. Vijijini walibaki wanawake, wazee na watoto, na pamoja nao ikabaki kazi ya kujua aliyeondoka yuko wapi, amemtuma nani, na kama amepata mke mwingine huko aliko.

William Watson, aliyewachunguza Wamambwe wa upande wa Zambia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1958, alishangazwa na jinsi vijiji vyao vilivyodumu licha ya wanaume wengi kuwa migodini, akaeleza kwamba waliobaki waliweza kuendesha kilimo bila wao na kwamba wahamiaji walishikilia haki zao za ardhi nyumbani. Maelezo hayo yana nguvu, lakini yana pengo. Haki ya ardhi hailindwi na mtu asiyejua kinachoendelea kwao, na mgodini mtu alijua kwa sababu dada, mke au mchumba wake alikuwa amekwenda kwa jirani ambaye mumewe anarudi kazini wiki ijayo, akampa ujumbe wa mdomo, unga au barua. Barua yenyewe ilifungua matembezi mapya. Wengi hawakujua kusoma, hivyo iliyofika ilibidi ipelekwe kwa katekista, kwa mwalimu au kwa kijana aliyesoma, na jambo la mke na mume likasikiwa na mtu wa tatu kabla halijajibiwa. Binti aliyefundishwa kusoma alipata hadhi isiyo na jina katika ukoo: alizisoma fedha zilizoahidiwa kwa mama yake, lawama za kaka kwa baba, na pengine posa yake mwenyewe, na alikuwa na uwezo wa kuamua sentensi ipi isomwe taratibu na ipi irukwe.

Mpaka uliwekwa juu ya njia hizo zote bila kuzikata. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliugawa ukanda huu, mto Kalambo ukiwa sehemu ya mstari, na hivyo Wamambwe na Walungu wakawa raia wa nchi mbili. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia pande zote mbili zilikuwa chini ya Waingereza, na tofauti aliyoiona msichana ilikuwa ya fedha zaidi kuliko ya bendera, kwa kuwa huku zilitumika shilingi za Afrika Mashariki na kule pauni. Uhuru wa Tanganyika mwaka 1961 na wa Zambia mwaka 1964 ndio ulioleta hati, vizuizi na maswali ya ofisa. Hata hivyo shangazi aliyeolewa ng'ambo hakuacha kuwa shangazi, na safari ya kwenda kwake kupeleka habari ya kifo au ya posa iliendelea kufanywa kama ziara ya kijiji cha jirani, mara nyingi ikiambatana na mzigo mdogo wa kuuza, kitenge, sabuni au mahindi, kutegemea upande ambao bei ilikuwa nzuri.

Redio ilikuwa chombo cha kwanza kilichopeleka habari bila mtu kutembea. Lusaka ilitangaza kwa Kibemba na lugha nyingine za Zambia, na mwaka 1949 ikaingizwa sokoni redio ya betri ya bei nafuu iliyokusudiwa Waafrika. Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Baadaye Radio Tanzania ilijipatia wasikilizaji waaminifu kwa vipindi vya salamu na kwa matangazo ya vifo, ambayo yalitaja marehemu na kisha kuorodhesha ndugu waliotakiwa kufikiwa na habari, fulani wa Sumbawanga, fulani wa Tunduma, fulani wa Mpanda. Orodha hiyo ilikuwa ramani ya ukoo iliyosomwa hadharani, na aliyeachwa nje yake alikuwa na haki ya kununa. Redio ilikuwa ya baba lakini sauti yake haikuwa ya baba peke yake. Msichana aliyekuwa jikoni aliisikia habari wakati uleule alioisikia mwenye nyumba.

Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1973 hadi 1976 viliwasogeza watu barabarani, zahanati na shule zikawa karibu, na elimu ya msingi kwa wote ikawapa wasichana wengi kalamu yao wenyewe. Chama cha wanawake Wakatoliki, WAWATA, kilichoundwa mwaka 1972, pamoja na jumuiya ndogondogo za Kikristo, viliipa ziara ya jioni ratiba na daftari. Mamlaka ya wazazi juu ya binti nayo ilikuja kuhojiwa mahakamani: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na kifungu hicho kilitamkwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa kinapingana na katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliuthibitisha mwaka 2019.

Simu ya mkononi imefanya kile ambacho redio ilianza, na kwa mara ya kwanza habari ya ukoo imetengana kabisa na safari. Binti wa Matai anajua mchana uleule kwamba binamu yake wa Mbala amejifungua. Pesa ya matunzo hufika kwa simu, na posa huweza kuanza kwa ujumbe ambao hakuna shangazi aliyeuona. Matokeo yake, ruhusa ya kutoka imepoteza kisingizio chake cha zamani, kwani mama huweza kuuliza kwa nini habari isiulizwe kwa simu, na wasichana wamehamia kwenye sababu ambazo simu haiwezi kuzitimiza: mazoezi ya kwaya, saluni, gulio, sherehe ya kumuaga bibi harusi. Msiba ndio umebaki pale pale. Anayepiga simu kutoa pole hushukuriwa na rambirambi yake huandikwa daftarini pamoja na jina lake, lakini wanaofika hupangiwa kazi ya kuteka maji, kuchambua maharage na kukesha, na ni miongoni mwao, sufuria zikiwa motoni, ndipo huamuliwa watoto wa marehemu watakaa kwa nani.